Kati ya Ukarani na Ukarimu

Asubuhi ile Mama Kadi alichonga penseli tisa kabla ya saa tatu, na hakuandika kwa hata moja. Alizipanga mezani kwa urefu, akazivuruga, akazipanga upya. Kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha mimi.

"Hivyo ni safi, Mama Kadi," nikamwambia.

"Najua."

Akaviosha.

Kwa miaka kumi na minne meza yangu ilitazamana na yake, na sikuwahi kumwona akinyanyuka kitini bila sababu. Alikuwa mtu wa kukaa. Watu wa ghorofa ya chini walitania kwamba siku ofisi ikihama, yeye atahesabiwa pamoja na samani. Lakini kwa wiki tatu ninazozisimulia hapa hakutulia. Aliinuka kufunga dirisha, akainuka kulifungua. Alishuka ngazi kwenda kununua karanga, akarudi bila karanga, na nilipomuuliza akasema amesahau alichoendea, halafu akashuka tena.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kamusi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, kirefu, chenye dirisha moja na kabati za chuma kumi na nane. Ndani ya kabati mna droo, ndani ya droo mna kadi, na kila kadi ni neno lililotoka kinywani mwa mtu. Juu linaandikwa neno, chini yake maana, kisha sentensi yenyewe aliyoisema huyo mtu. Mwisho anaandikwa mwenyewe: kazi yake, umri wake, siku aliyosema. Jina haliandikwi. Tunamwita msemaji. Kompyuta zilishakuja na kila kitu kimeingizwa humo, lakini Mhariri Mkuu wetu hakuiamini kompyuta mpaka aone kadi. Na kadi nyingi aliziandika Mama Kadi, kwa mwandiko uliolala kidogo kuelekea kulia, kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.

Sheria ya chumba kile ni moja, na kila anayeajiriwa huambiwa siku ya kwanza kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Neno haliingii kwenye kamusi mpaka liwe na kadi tatu kutoka kwa wasemaji watatu wasiojuana. Wafanyakazi wa ofisi hawahesabiwi. Neno lenye kadi moja au mbili hukaa kwenye droo ya chini kabisa ya kabati la mwisho, droo ya wanaosubiri. Kuna maneno humo yamesubiri muda mrefu kuliko umri wangu.

Toleo jipya lilikuwa karibu kupelekwa mtamboni. Mama Kadi alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Kila kitu kilikuwa kikienda sawa, mpaka Daktari alipopata wazo la ukurasa wa ukoo.

Daktari alikuwa msichana wa miaka thelathini na moja, mwepesi wa kucheka, mwenye shahada tatu za lugha, ya mwisho ndiyo iliyompa jina, na viatu vinavyolia kwenye sakafu. Alitaka mwanzoni mwa toleo jipya pawe na ukurasa mmoja unaochora neno kama watu wanavyochora ukoo: babu juu, wajukuu chini. Neno alilochagua ni la Kigiriki, khartes, ile karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa mafunjo. Warumi walilichukua kwa Wagiriki wakalitamka charta, na hilo likazaa watoto Ulaya nzima.

"Sasa tazameni lilivyoingia nyumbani kwetu," Daktari alituambia, akatandika karatasi kubwa juu ya meza ya Mama Kadi bila kuomba ruhusa. "Wareno walilifanya carta, sisi tukalipokea tukapata karata, hizi za kucheza. Baadaye wakaja Waingereza na watoto wengine wa charta huyo huyo: kadi, chati, katoni, katuni. Wote ndugu. Lakini karatasi mwenyewe hakupita kwa Warumi. Waarabu walimchukua upande wa Wagiriki, wakamwita qirtas, ndipo akatufikia."

"Kwa hiyo karatasi na kadi si ndugu?" nikauliza.

"Ni watoto wa mtu na dada yake. Wamekutana huku kwetu, wanalala droo moja, na hawajui kama ni binamu."

Mama Kadi alicheka. Alipenda sana mazungumzo ya namna hiyo. Alichukua penseli akamwonyesha Daktari mahali pa kumweka katuni ili mistari isigongane, na wakaendelea kuchora vichwa vyao vimekaribiana. Kisha Daktari akasema, "Na huyu je, mama? Huyu ndiye aliyeninyima usingizi." Akatoa kadi tatu kwenye mfuko wa koti.

Nilimwona Mama Kadi anaweka penseli chini.

Neno lilikuwa ukarata. Kamusi yetu inalo tangu toleo la tatu, lina mistari miwili tu: ule utepe mwembamba wa karatasi unaobaki mashine inaponyoosha kingo za rimu au za kitabu; wingi wake karata. Kadi ya kwanza msemaji wake alikuwa mfagiaji wa kiwanda cha chapa, mwanamke, miaka hamsini na sita. Ya pili, mpiga chapa, miaka arobaini. Ya tatu ndiyo iliyomlevya Daktari.

"Fundi wa majalada, mama! Miaka themanini na tatu! Na kadi yenyewe ina miaka ishirini na tisa. Hesabu mwenyewe huyo mzee alizaliwa lini, alijifunza kazi lini. Maana yake neno hili lilikuwa kwa mafundi wa majalada zamani sana. Maana yake Wareno hawakutuachia mchezo tu, walituachia na karatasi yenyewe! Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Nitamtafuta huyo mzee. Amekufa, sawa, lakini ana watoto, ana wanafunzi."

"Utamtafutia wapi, mwanangu?" Mama Kadi akauliza.

"Popote."

Viatu vikalia mpaka mlangoni, vikashuka ngazi. Mama Kadi akakaa akiitazama ile kadi ya fundi wa majalada, mwandiko wake mbaya, unaoyumba, wa herufi zinazopandana. Kisha akasimama, akaenda kufungua dirisha lililokuwa wazi.

Wiki ya tatu ndipo aliponiambia. Tulikuwa wawili tu, ninakula chapati yangu, yeye hali kitu.

"Huyo fundi wa majalada ni mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Niliiandika mimi. Kwa mkono wa kushoto. Na ya mpiga chapa pia. Hakuna fundi, hakuna mpiga chapa. Kuna mfagiaji peke yake."

"Na mfagiaji ni nani?"

"Ni mama."

Mama yake alifagia kiwanda cha chapa miaka ishirini na mbili. Kiwanda kile kilichapa vitabu vya shule na kalenda, lakini kazi yake kubwa ilikuwa karata za kucheza. Zilichapwa nyingi pamoja kwenye karatasi moja nene, kisha mashine ikishuka inazitenganisha, na pembeni unaanguka utepe mrefu mweupe wenye michirizi ya rangi nyekundu. Mama alikuwa akizifagia tepe hizo kutwa nzima. Nyingine alizileta nyumbani zimeviringwa kwenye kanga, na watoto wakazisuka vikapu, wakafungia mifuko, wakafanya mikia ya tiara. Nyumba nzima waliziita kwa jina alilolileta yeye. Lete ukarata huo nifungie hapa. Nani kaacha karata zake njiani? Mama Kadi alikua akidhani ni neno la watu wote. Shuleni alilisema siku moja darasani, mwalimu akamkodolea macho, akamwambia asimletee lugha ya jikoni.

Alipoajiriwa kwenye kamusi alikuwa na miaka ishirini na minane. Jioni moja mama yake, aliyekuwa hajui kusoma, alikishika kile kitabu kikubwa mapajani akakipima uzito.

"Maneno yote yamo humu?"

"Karibu yote, mama."

"Na ukarata?"

"Hilo bado."

"Limekosa nini?"

Mama Kadi aliniambia kwamba alijaribu kumweleza sheria ya kadi tatu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Basi mimi ni mtu wa kadi moja," akakirudisha kitabu mezani, akaenda kutazama sufuria. Hakununa. Angenuna ingekuwa rahisi. Wiki iliyofuata Mama Kadi alibaki ofisini saa ya chakula cha mchana, akachukua kadi mbili tupu, akaihamishia kalamu mkono wa kushoto. Siku hizo wakusanyaji wa kujitolea walikuwa wakituletea kadi kutoka kila pembe, kila mtu na mwandiko wake, na hakuna aliyetilia shaka.

Toleo la tatu lilipotoka alimpelekea mama yake, akamfungulia ukurasa, akamwekea kidole juu ya neno.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Lina mistari mingapi?"

"Miwili."

"Na hili la chini yake?"

"Tisa."

"Kina nani hawa majirani zangu?"

"Juu ukarani, chini ukarimu."

"Basi nimekaa pazuri," mama akasema. Akaweka alama ya ukurasa kwa kipande cha ukarata, na kila mgeni aliyeingia nyumba ile, hata aliyekuja kuuliza njia, alifunguliwa kitabu akaonyeshwa. Miaka miwili baadaye alifariki.

"Unaona basi," Mama Kadi akaniambia. "Nikisema, linatoka. Nisiposema, mtoto wa watu anaandika uongo wangu kwenye ukurasa wa mbele na kuusimamia mbele ya wataalamu wenzake. Nifanye nini?"

Nilimpa nusu ya chapati. Akaishika, akazunguka nayo chumbani, akaisahau juu ya kabati.

Kesho yake alikuja na jambo jipya. Macho yalikuwa yamemwingia ndani, lakini alikuwa na haraka kama mtu anayewahi basi. Huenda neno lilikuwepo kweli, akasema. Huenda mama yake alilikuta kiwandani, hakulitunga. Mafundi chapa wako tele mjini. Akipata wasemaji wawili wa kweli, atazitoa kadi za uongo aweke za kweli, na dunia itakaa sawa. Akafungua mkoba akanionyesha tepe tatu za karatasi alizozikata kwa mkasi nyumbani.

"Hatutawatajia neno," akanionya. "Tunawaonyesha kitu, wao ndio wataje."

"Sisi?"

"Unadhani nitaweza kwenda peke yangu?"

Tukaenda saa ya chakula. Duka la kwanza lilikuwa la bwana mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso na nyingine shingoni. Mama Kadi akatoa utepe.

"Samahani, baba. Nyinyi hiki mnakiitaje?"

Akakigeuza geuza. "Hiki? Takataka."

"Kabla hakijawa takataka?"

"Kabla hakijawa takataka ni karatasi, mama. Mna shida gani?"

La pili lilikuwa la mama mnene aliyekuwa akikata kadi za mialiko, anaimba huku mashine inashuka. Alipoona utepe akacheka. "Hizo mimi naziita nywele. Nywele za karatasi. Kila jioni nafagia kama niko saluni."

"Na wenzako?"

"Wenzangu hawafagii."

Nilidhani Mama Kadi angecheka. Alikunja utepe kidogo kidogo mpaka ukawa kama punje, akautia mkobani. Njiani alikwenda mbio kiasi kwamba nililazimika kumshika mkono tusigongwe. Tulizunguka maduka mengine mawili siku iliyofuata. Vipande. Makapi. Hayo huwa hatuyaiti jina, wakatuambia.

Siku ya tatu tukaingia duka moja nyuma ya kituo cha mafuta, duka dogo lenye mashine ya kukata iliyojaza nusu ya chumba. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mrefu, aliyelazimika kuinama kila alipopita chini ya taa. Mama Kadi alikuwa anafungua mkoba nilipoona mkono wake umesimama. Pembeni ya mashine palikuwa na gunia jeupe, limejaa tepe mpaka zinamwagika, na kifuani mwa gunia, kwa wino mweusi wa kalamu nene, pameandikwa UKARATA.

Akanishika kiganja. Alinishika hasa.

"Fundi," akasema, "hilo neno umelipata wapi?"

"Lipi? Hili?" Fundi akalitazama gunia kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "Hilo ni neno halisi hilo, mama. Msilione hivyo. Limo kwenye kamusi."

"Na kabla ya kamusi? Ulikuwa unalisikia? Kwa bwana aliyekufundisha kazi?"

"Kabla ya kamusi tuliandika TAKATAKA, watu wakawa wanatupia maganda ya ndizi. Na hizi zinachukuliwa na wale wanaotengeneza trei za mayai, hawataki ndizi. Nikawa natafuta jina. Sasa siku moja mteja kaleta mwaliko wake, kaandika ukarimu ovyo ovyo, nikafungua kamusi nihakikishe. Jicho likateleza mstari mmoja juu. Nikajisemea, kumbe zina jina lake! Miaka ishirini nakata vitu vyenye jina na sijui." Akacheka. "Aliyeandika lile kamusi alikuwa mtu wa chapa huyo. Mtu wa ofisini hawezi kulijua hili."

Mama Kadi akakaa. Hapakuwa na kiti. Alikaa juu ya rimu za karatasi zilizopangwa ukutani, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona ametulia tangu siku ya ule ukurasa. Nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Fundi akaniuliza kwa macho kama yuko mzima. Nikaitikia kwa kichwa, ingawa sikuwa na hakika.

Njiani nikamwambia, "Si umepata? Msemaji huyo hapo. Kaandika mwenyewe, kwa mkono wake."

"Kaandika nilichomwandikia," akasema. "Nimejiuliza swali, nikajijibu kwa kinywa chake." Akasimama katikati ya njia, watu wakatupita kulia na kushoto. "Ningelikuta kwa mtu mmoja tu, aliyelisikia kwa bibi yake. Mmoja tu. Ningenyamaza mpaka kaburini."

Asubuhi ya pili yake alikwenda kwa Mhariri Mkuu na kadi tatu mkononi. Aliniomba niende naye, na Daktari alikuwemo tayari, amekuja na orodha ya wazee wa kazi ya majalada aliowapata, majina kumi na saba, mengi yamekatwa kwa mstari.

Mhariri Mkuu ni mtu asiyekutazama anapozungumza. Hutazama karatasi iliyo mbele yake hata ikiwa tupu. Mama Kadi alisimulia yote amesimama. Hakujitetea. Hakumtaja mama yake mpaka alipoulizwa.

"Mkono wa kushoto?" Mhariri Mkuu akauliza.

"Wa kushoto."

"Niliipitia mimi kadi hii. Nakumbuka. Nilijisemea, masikini mzee wa watu, mkono unamtetemeka kwa umri, lakini kajitahidi kuandika mwenyewe." Akaisogeza kadi kwa ncha ya kidole. "Nilimheshimu mno."

Daktari alikuwa anaikunja orodha yake, nusu, robo, mpaka haikunjiki tena.

"Wiki tatu, mama," akasema. "Nimeingia nyumba za watu. Nimekaa na wajane. Nimepelekwa mpaka makaburini kusoma mawe. Na jioni narudi nakusimulia, na wewe unaniuliza nimekula?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Leo usiniite mwanangu."

Mama Kadi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu chake.

Ndipo Mhariri Mkuu akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alinyanyua macho. Akasema neno lenyewe limeshaingia mitaani, yupo fundi mwenye gunia, na mwaka jana mtu wa gazeti alilitumia. Miaka ishirini na tisa ni mingi. Maneno mengine yamezaliwa kwa njia mbaya kuliko hiyo. Tungeweza kuzitoa hizi mbili kimya kimya, tukaweka ya fundi na ya gazeti. Kadi tatu. Ukurasa wa ukoo uondolewe hilo tawi, neno libaki mahali pake, na mama astaafu kwa amani. Waliokuwa humo chumbani ni watu wanne tu.

Nilitamani Mama Kadi akubali. Nasema ukweli, nilitamani sana. Aliitazama kadi ya mfagiaji.

"Hao wote wamelitoa kwetu," akasema. "Tukiwahesabu, kamusi itakuwa inajisimamia yenyewe mahakamani. Litoe."

"Una hakika?"

"Sina. Litoe kabla sijakaa."

Mhariri Mkuu akarudisha macho kwenye karatasi. "Kuna jingine," akasema taratibu. "Kadi zako ni elfu arobaini na zaidi. Je, ziko nyingine za mkono wa kushoto?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

"Hutajua," Mama Kadi akasema. "Hilo ndilo linalonizungusha usiku na mchana, si neno."

Basi miezi yake ya mwisho ilikwisha hivyo. Hapakuwa na keki wala hotuba zilizokuwa zimepangwa. Nilipewa mimi kazi ya kupitia kadi zake, droo baada ya droo, na yeye alikaa ng'ambo ya meza akijibu maswali yangu. Huyu mvuvi ulimpata wapi? Huyu mkunga alisema mbele ya nani? Alikumbuka karibu wote: aliyekuwa na kigugumizi, aliyekataa kusema mpaka aletewe soda, aliyeuliza kama neno likichapwa atapelekewa nakala. Nilikuwa namkagua mtu aliyenifundisha kazi, na nilipomaliza nilikuwa nimekutana na wasemaji maelfu ambao kwenye kadi wana umri na kazi tu. Uongo mwingine sikuupata. Daktari alianza kupita chumbani kwetu wiki ya saba, kwanza kwa kisa cha kuazima rula. Wiki ya tisa akaleta karanga, akaziweka katikati ya meza, si mbele ya mtu yeyote. Neno mwanangu halikusikika tena, lakini Mama Kadi alikula zile karanga zote mpaka ya mwisho.

Siku ya kuondoka aliitoa kadi ya mfagiaji akaipeleka mwenyewe kwenye droo ya wanaosubiri. Kabla ya kuitia akaomba kalamu. Pale chini, palipoandikwa mfagiaji wa kiwanda cha chapa, mwanamke, miaka hamsini na sita, akaongeza maneno mawili kwa ule mwandiko wake wa kutembea dhidi ya upepo: mama yangu. Kisha akafunga droo, akaifungua, akaifunga.

Toleo jipya lilipotoka nilimpelekea nakala nyumbani. Hakutazama ukurasa wa ukoo, ingawa umependeza, na katuni amekaa pale pale alipomweka yeye. Alifungua moja kwa moja kwenye U. Ukarani, ukarimu. Mistari imekaribiana kabisa. Hutajua kama paliwahi kukaa mtu. Akaweka kidole hapo akakiacha.

"Na yule fundi?" akauliza. "Atalifuta?"

Nilikuwa nimelizungumza na Mhariri Mkuu. Alisema, huku akitazama karatasi, kwamba fundi hawezi kuhesabiwa kwa aliyoyaandika neno likiwa bado kwenye kamusi. Lakini akiendelea kuliandika baada ya sisi kulitoa, bila mtu kumwambia lolote, basi ni lake. Hapo itakuwa kadi ya pili. Mama Kadi alinisikiliza, akaanza kutafuta viatu vyake.

Tangu siku hiyo hupita nyuma ya kituo cha mafuta mara mbili tatu kwa wiki. Haingii. Hana ruhusa ya kuuliza, wala mimi. Hununua kitu kwenye duka la mbele, mkate, kiberiti, na binti yake analalamika kwamba nyumba imejaa viberiti. Kila Jumatatu hunipigia simu ofisini kuniuliza droo ikoje, nami humjibu kwamba droo ipo.

Juzi haikuwa Jumatatu. Simu iliita saa nne asubuhi.

"Gunia limepasuka," akasema. Alikuwa anahema. "Lile la zamani. Ameleta jipya."

"Limeandikwa nini?"

"Halijaandikwa. Jeupe. Amelitandika chini. Ameshika kalamu."

"Wewe uko wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Nimesimama nyuma ya gari. Ngoja." Nilisikia honi, kisha mtu anauza maji. "Ameandika U. Herufi ya pili imezibwa na bega lake."

Nikasimama kitini. Daktari, aliyekuwa dirishani na karanga zake, akageuka kunitazama.

"Uchafu pia unaanza na U, Mama Kadi," nikasema, kwa sababu sikutaka aumie.

"Nimekaa kwenye kamusi miaka thelathini na moja, unanifundisha kinachoanza na U?" akasema. "Nyamaza. Amesogeza bega."